Bi Shtuka wa Chumba cha Swichi

Bi Shtuka alikuwa mwoga, tena mwoga wa kupindukia, na hakuwahi kulificha hilo. Aliogopa mbwa, radi, ngazi, visima, pikipiki zinazotokea mgongoni, na sufuria ikianguka jikoni. Ukimgusa bega bila kumsemesha kwanza, anaruka, anapiga ukelele, anakutukana kidogo, kisha anakuomba radhi. Jina hilo alipachikwa na majirani angali msichana. Likamganda mpaka akaolewa, mpaka akafiwa na mume, mpaka mvi zikaanza kumchungulia kwenye paji la uso. Jina lake halisi limeandikwa kwenye cheti fulani ndani ya sanduku, na hata yeye ukimwita kwa jina hilo hageuki.

Sasa mtu wa namna hii aliingiaje kwenye chumba cha swichi cha mji mzima? Nilijua utauliza. Ngoja nikupe habari yenyewe, na tafadhali usimcheke kabla sijamaliza.

Mji ule ni mdogo. Una barabara moja ya lami, soko, shule, zahanati na mashine ya kusaga. Kwa miaka kumi na mitano nyaya kubwa za umeme zilipita juu ya vichwa vyao zikienda mji mkubwa, na hazikuteremka hata siku moja. Watu walikaa chini ya umeme wakiwasha vibatari, wakaambiwa subirini, wakasubiri, mpaka siku moja wakachoka. Walikutana katika ukumbi wa shule wakaamua kuwa na umeme wao wenyewe, wa jua, usio wa tajiri wala wa mwanasiasa. Kila nyumba ilitoa siku zake za kazi. Kuna waliochimba mashimo ya nguzo, kuna waliobeba kokoto, na mpaka leo kuna zamu ya kuosha paneli vumbi kila asubuhi. Paneli zilipangwa safu sita kwenye uwanja wa zamani wa mpira, na vijana wa mpira wamenuna mpaka kesho. Pembeni wakajenga chumba cha matofali, betri zikakaa upande huu, bodi ya swichi upande ule.

Mlinzi wa kwanza wa chumba hicho alikuwa kijana mmoja jasiri sana, waliyemwita Chuma. Chuma hakuogopa kitu. Ndani ya wiki tatu alitia kidole pasipomhusu, akatoka humo bila nyusi. Nyusi zimeota tena, lakini moja imeota kwa hasira, inaelekea juu. Mkutano ukaitishwa, na Mwenyekiti wa mradi, mwalimu mkuu mstaafu, mama anayesikiliza watu akiwa amefumba macho, akafumbua macho yake na kusema, "Safari hii sitaki jasiri. Nataka mwoga."

Ukumbi mzima ukageuka. Bi Shtuka alikuwa amekaa karibu na mlango, maana ukumbini hukaa karibu na mlango siku zote, likitokea la kutokea awe wa kwanza nje. Alijaribu kutoka. Wakamrudisha kwa makofi.

Na kweli aliiweza kazi. Alihamishia cherehani yake humo, akawa anashona sare za wanafunzi huku akilinda umeme. Alivaa viatu vya raba, alikalia kigoda cha mbao kikavu, na kabla ya kugusa swichi yoyote alifuta mikono kwa kitambaa mara tatu. Hakugusa kitu bila kuambiwa, na akiambiwa alirudia aliloambiwa, neno kwa neno. Mwaka wa kwanza ulipita, wa pili ukapita, hakuna aliyeungua hata ukucha. Mara moja tu alizima soko zima kwa sababu ya mjusi aliyekatiza juu ya bodi akadhani ni cheche. Walimcheka mwezi mzima. Wauza samaki walikuwa wakimwona wanaulizana kwa sauti, "Mjusi hajambo?" Aliumia sana, ingawa na yeye alicheka, kwa vile alichukia kuonekana amenuna.

Jambo lililomtesa hasa, lililomnyima hata hamu ya kula, ni mwanawe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo ndiye aliyepelekwa na mji chuo cha ufundi, akarudi na buti nzito na mkanda wenye bisibisi, koleo na testa ya kupimia umeme. Watu wanamwita Fundi. Hajui woga ni nini, sijui aliutoa wapi moyo ule, maana si kwa mama. Kazi yake ni kupanda nguzo. Kila alipopanda, tumbo la Bi Shtuka lilijikunja, na halikukunjuka mpaka ateremke.

Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Fundi akifika chini ya nguzo anapiga simu: "Mama, funga laini ya kwanza." Bi Shtuka anajibu, "Nafunga laini ya kwanza." Anafuta mikono mara tatu, anafunga, anarudi kwenye simu: "Nimefunga." Hapo ndipo Fundi anapotia simu kwenye mkoba, anautundika mkoba chini ya nguzo, na kupanda. Akiteremka anapiga tena: "Fungua, mama." Basi. Bomba unalifunga, redio unaifunga, taa unaifunga, mdomo wako ukizidi unaambiwa ufunge. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyehitaji kufundishwa maana ya kufunga.

Sasa ile bodi ya kwanza ya swichi ilikuwa ya mbao, haina hata herufi moja. Mkono wa swichi ukiwa juu umeme upo, ukiwa chini haupo. Ikachakaa. Kamati ikaagiza maboksi mapya ya chuma, na yakaletwa na Injinia, kijana mpole, msafi, wa kutoka mbali. Maboksi yalikuwa na maandishi ya lugha ya watu. Mwenyekiti alipoyaona akafumba macho, akafumbua, akasema, "Hapana, mwanangu. Mradi ni wetu, maandishi yawe yetu. Huyu mama anayekaa humu asome anachokishika." Watu wakapiga makofi, na hata mimi ningepiga. Injinia akakaa kivulini, akaandika vibandiko kwa mwandiko mzuri sana, akavibandika.

Yule kijana hakuwa na nia mbaya, naomba lieleweke. Ila chuoni alikosomea, njia ya umeme ni kama mduara. Ukiufungua, umekatika, umeme haupiti. Ukiufunga, ncha zimekutana, umeme unapita. Ndivyo wanavyosema wao wenyewe kwa wenyewe, na yeye akatafsiri alivyofundishwa. Kushoto kwa mkono wa kila swichi akaandika IMEFUNGULIWA. Kulia akaandika IMEFUNGWA. Juu yake kuna taa mbili, ya kijani na nyekundu, na kwa watu wa kazi ile nyekundu maana yake hatari, umeme umo. Kwa mtu mwingine yeyote aliyezaliwa na mama, nyekundu ni simama.

Fundi hakuwepo siku hizo. Alikuwa amesafiri siku nne kufuata vikombe vya kushikia nyaya. Injinia alimweleza Bi Shtuka mambo mengi kwa haraka, na Bi Shtuka, aliyekuwa akiyatazama yale maboksi kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua, akaitikia kila kitu ndiyo, ndiyo. Kulikuwa pia na kitufe chekundu kikubwa, karibu na mlango, chini ya kifuniko cha plastiki. "Hiki usikiguse, mama, ila moto ukiwaka," Injinia alisema. "Kinazima kila kitu, na kuwasha tena kunahitaji ufunguo wangu." Alijaribu swichi zote mwenyewe, akaziacha zinafanya kazi, taa zote nyekundu, kila mkono kulia. Bi Shtuka wakati huo alikuwa nje, maana majaribio aliyaogopa. Injinia akaaga. "Usiwe na wasiwasi," alisema, "maandishi yanajieleza yenyewe."

Kesho yake mchana, saa saba hivi, Bi Shtuka alikuwa anashona kola ya shati la mwanafunzi. Ghafla boksi la laini ya pili likalia tak! Mkono wa swichi ukajizungusha wenyewe kutoka kulia kwenda kushoto, na taa nyekundu ikazimika, ikawaka ya kijani. Bi Shtuka alikuwa nje ya mlango kabla ya sauti ile kuisha, shati bado limening'inia mkononi. Alisubiri moshi. Hakuona moshi. Akasubiri tena. Akaingia kwa kunyata, akalitazama lile boksi kwa mbali. Kijani, akajiambia. Kijani ni heri. Akaketi, lakini mguu haukutulia kwenye pedeli ya cherehani.

Simu ikaita. Alishtuka nayo pia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Umefika? Umekula?"

"Nimefika sasa hivi, sijala. Nipo huku zahanati, nesi amenidaka njiani hata nyumbani sijaingia vizuri. Nguzo ya hapa nje ilikuwa inatema cheche. Amechomoa friji, chanjo ameziweka kwenye boksi la barafu. Nikimaliza nakuja tule wote. Funga laini ya pili."

"Nafunga laini ya pili."

Akaweka simu juu ya cherehani. Akafuta mikono mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaenda mpaka kwenye boksi, akasoma, kwa sababu Mwenyekiti alisema asome anachokishika. Mkono wa swichi ulielekea IMEFUNGULIWA. Taa ya kijani. Kwa hiyo iko wazi, akawaza, umeme unapita. Akashika, akageuza kulia. Ulikuwa mgumu, ukaitika tak. IMEFUNGWA. Taa nyekundu ikawaka. Akasoma mara ya pili, herufi kwa herufi, kidole hewani. Kila kitu kilikubaliana na mwenzake. Maboksi mengine hakuyatazama, maana alizoea kutazama lile aliloambiwa tu. Kwa mara ya kwanza tangu maboksi yale yaje alijisikia salama nayo, na akamwombea dua yule kijana aliyeandika vizuri.

"Nimefunga," akasema kwenye simu.

"Haya mama, napanda."

Simu ikakatika. Bi Shtuka akarudi kwenye kola, akaendelea na mshono, na kichwani akawa anampandisha mwanawe nguzo, hatua kwa hatua. Aliijua kazi ile kwa moyo ingawa hakuwahi kuinua mguu wake kutoka ardhini. Kupanda, kuzungusha mkanda, kuufunga, kuvua glovu ya kulia ili aishike koleo vizuri, kisha kushika waya. Alikuwa amefika kwenye kupanda aliposikia mashine ya kusaga ikianza kuunguruma.

Mguu ukaganda kwenye pedeli.

Mashine ya kusaga ilikuwa hatua mia moja kutoka pale. Ilikuwa ya kwanza kwenye laini ya pili, na zahanati ilikuwa ya mwisho. Kama laini ya pili imefungwa, mashine inasaga kwa kitu gani?

Akajituliza. Akajituliza kwa nguvu zake zote. Mzee wa mashine alikuwa na injini yake ya zamani ya dizeli, aliyoapa hataiuza mpaka azikwe nayo, na umeme ukileta matata alikuwa anaiwasha, tena kwa furaha, ili aseme si niliwaambia. Itakuwa ni dizeli. Bi Shtuka akatoka mlangoni, akatega sikio. Feni za betri zilikuwa zinavuma nyuma yake, jiwe la kusagia linanguruma mbele yake, na jiwe ni lilelile, likizungushwa na dizeli au na umeme. Akatazama juu ya paa la mashine kutafuta moshi. Hakuuona. Lakini bomba la moshi liko upande wa nyuma, na upepo ulikuwa unavuma kwenda huko. "Baba!" akaita. "Baba wa mashine!" Nani amsikie?

Akarudi ndani mbio, akapiga simu ya Fundi. Inaita. Inaita. Aliiona simu ile kwa macho ya moyo, ndani ya mkoba, chini ya nguzo, inaimba peke yake. Akapiga ya Injinia. Haipatikani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo woga ulipomkamata kweli, na woga wote alioujua kabla ya hapo ulikuwa wa kitoto. Alisimama mbele ya laini ya pili, mkono wake juu ya mkono wa swichi. Macho yalisema imefungwa, taa ikasema simama. Masikio yalisema mashine inasaga. Kama macho ni ya kweli na ile ni dizeli, basi akigeuza kushoto anamfungulia mwanawe umeme kwa mkono wake. Kama masikio ni ya kweli, basi ameshamfungulia tayari, na kila pumzi anayovuta hapa ni hatua moja ya buti kule juu. Akigeuza anaweza kumuua. Asipogeuza anaweza kumuua. Mkojo ukamtoka kidogo, nalisema hilo bila aibu maana yeye mwenyewe alilisema. "Mungu wangu," alinong'ona, "Mungu wangu, ni upi? Niambie ni upi."

Kichwani Fundi alikuwa amefika juu. Alikuwa anazungusha mkanda.

Akageuka, akakiona kitufe chekundu. Kile hakikuwa na maandishi. Hakikuwa na kushoto wala kulia, wala kufunga wala kufungua. Kilijua kazi moja tu.

Na hata hapo alisita, Mungu amsamehe. Kwa kitambo cha kufumba na kufumbua alimwona Mwenyekiti, aliuona mji mzima bila umeme kwa siku mbili au tatu mpaka Injinia arudi na ufunguo wake, akawasikia wauza samaki: mjusi hajambo? Kama ile ilikuwa dizeli, hatacheka nao tena, atahama mji. Alilia kwa sauti, akainua kifuniko, akakibonyeza kwa viganja vyote viwili, na uzito wake wote.

Feni zikafa. Taa zote za maboksi zikazimika. Na kule nje, hatua mia moja, jiwe la kusagia likapunguza mwendo, likaguna, likasimama.

Dizeli haisimamishwi na kitufe cha umeme.

Nadhani unamfikiria Bi Shtuka akishusha pumzi. Hapana. Ndipo alipojua. Laini ya pili ilikuwa na umeme, tangu alipoigeuza, na aliyeigeuza ni yeye. Umeme uliokatika wenyewe, yeye aliurudisha, kisha akamwambia mtoto wake kwenye simu kwamba amefunga. Kitu asichokijua ni kimoja tu: amekibonyeza kitufe kabla Fundi hajashika waya, au baada.

Alikimbia. Bi Shtuka ambaye havuki barabara bila kutazama mara nne alikimbia katikati ya lami. Kinyozi alitoka mlangoni na mashine iliyokufa mkononi, nyuma yake mteja mwenye nusu ya kichwa. "Bi Shtuka, kuna nini tena?" Mchomelea vyuma akavua miwani yake. Mtu akapaza sauti kutoka sokoni, "Ameona mjusi!" na kicheko kikafuata. Hakumjibu mtu. Kiatu kimoja kilitoka, akakiacha. Midomo yake ilikuwa inasema kitu kimoja, mwanangu, mwanangu, mwanangu, bila sauti.

Kwenye kona ya zahanati aliiona nguzo. Juu yake Fundi alikuwa ameganda kwenye nguzo, kichwa kimeinama, hatikisiki.

Bi Shtuka alisimama. Alipiga hatua mbili, akashikilia ukuta wa zahanati. Nesi alikuwa kwenye ngazi za mlango anahesabu vichupa vya chanjo, anaimba puani, wala hajatazama juu.

"Mwanangu!"

Kichwa kikainuka. "Mama?" Fundi akachungulia chini, uso umejaa jasho. "Mbona umekuja huku? Nani kabaki kwenye swichi?"

"Shuka!"

"Hebu ngoja, hiki kifungo cha mkanda kimeshika kutu, napigana nacho tangu nifike hapa. Nikishakibana tu, ni waya mmoja, dakika mbili."

"Shuka!" Bi Shtuka alipiga ukelele ambao uliwatoa wagonjwa nje. "Usishike kitu! Shuka, nakwambia, shuka, shuka!"

Fundi akashuka. Alipogusa ardhi mama yake alimdaka mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akavitazama, akavibusu, akavitazama tena. Glovu ya kulia ilikuwa imeshavuliwa, imechomekwa mfukoni.

"Mama, unanitia hofu. Kuna nini?"

"Kule kwenye boksi jipya pameandikwa imefungwa. Nikageuza ikawa imefungwa. Halafu mashine ya kusaga ikaanza kusaga."

Fundi alimtazama bila kuelewa. Kisha akauliza taratibu, "Taa iliwaka rangi gani?"

"Nyekundu."

Yule binti asiyejua woga ni nini alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa nguzo. Midomo yake ilipauka. Aliteleza chini akakaa kwenye vumbi, miguu mbele, na mikono iliyokuwa imara kule juu ikaanza kutetemeka mapajani.

"Injinia aliandika maneno ya chuoni," akasema. "Jamani. Aliandika maneno ya chuoni."

Bi Shtuka akachuchumaa mbele yake. Jicho lake likaangukia mkanda wa zana. Testa ilikuwa kwenye ala yake, kifungo cha ala kimebanwa.

"Kipimo chako mbona kiko ndani?" akauliza. "Hukupima?"

Fundi akaifunika ile ala kwa kiganja.

"Si mlifundishwa? Si wewe uliyemgombeza Chuma mbele za watu, usishike waya hujaupima, hata akuambie nani?"

"Huwa napima," Fundi akasema. "Akiniambia Injinia, napima. Akiniambia Mwenyekiti, napima mara mbili." Akafuta pua kwa mkono wa shati kama mtoto. "Ila wewe ukisema umefunga, sijawahi kupima, mama. Hata siku moja. Miaka yote miwili."

Watu walikuwa wameanza kufika. Kinyozi, mteja wake wa nusu kichwa, wauza samaki wawili wenye mzaha mdomoni tayari, na nyuma yao Mwenyekiti, anatembea haraka kuliko umri wake. Walipomwona Fundi chini wakanyamaza. "Nani amezima mji?" Mwenyekiti akauliza.

"Mimi," Bi Shtuka akasema bila kugeuka. "Nitaeleza. Ngojeni kwanza."

Aliushika uso wa mwanawe. Miaka miwili alikuwa anakaa kwenye kile kigoda akiogopa waya, akiogopa cheche, akiogopa mjusi. Hakuna siku aliyowaza kwamba kitu cha kuogopwa ni neno lake mwenyewe kwenye simu.

"Nisikilize," akasema. "Kuanzia leo nipime na mimi."

"Mama..."

"Nipime. Nikikwambia nimefunga, pima. Nikikuapia, pima. Nikilia, pima. Usiniamini kabisa."

Fundi alifungua mdomo kukataa, ilionekana wazi kwamba anataka kukataa, kisha akautazama ule waya juu ya vichwa vyao.

"Nitakupima, mama," akasema.

Bi Shtuka akashukuru. Akashukuru mara mbili, kama mtu aliyepewa kitu alichokiomba, halafu akaficha uso wake kwenye mabega ya mwanawe mbele ya mji mzima, akalia.